Kiangazi kinaachia: tupange safari ya ndoano kwa mvua za vuli, Luchelele, Kayenze na mdomo wa Simiyu

MzeeWaChubwi (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu ni wa watu wa ndoano na mshipi. Wenye makila (nyavu za kutega) na taa za dagaa karibuni mtoe elimu, ila biashara msituletee humu.

Kiangazi cha safari hii kimekaza kweli. Pale Luchelele, hapa Mwanza, yale majabali ambayo mwezi wa tano unapita juu yake na mtumbwi, sasa kina mama wanaanika nguo. Matete yamebaki yamesimama kwenye tope kavu, na sato waliokuwa wakijificha humo wamesogea nje. Ziwa letu hili la Victoria lina desturi yake: linaanza kushuka taratibu baada ya Juni, linagota chini Oktoba au Novemba, vuli ikishika linapanda mpaka Mei mwakani. Hivi sasa tupo kwenye kugota. Hizo wiki chache zinazofuata ndizo ninazozitaka mimi.

Nawaza hivi. Mvua ya kwanza si ya kukimbilia na fimbo ya kuvulia. Ile inaosha nchi kavu: majivu ya mashamba yaliyochomwa, samadi, taka zote za mitaroni. Maji yake yanaingia ziwani mazito na hewa yake ndogo. Sangara hapatani na maji ya namna hiyo, anarudi nyuma. Sato anavumilia kidogo. Kambare kwake ni sikukuu. Kwa hiyo mafuriko ya mwanzo tufuate kambare upande wa Simiyu, kisha maji yakianza kutulia tuhamie kwenye ule mpaka wa maji ya tope na maji safi. Furu, wale samaki wadogo, wanajisogeza pale kula vilivyoletwa na mto, na sangara anakaa upande wa maji safi anawasubiri.

Tarehe sijapanga kwa makusudi. Wengi wanaweka Jumamosi fulani kwenye simu halafu wanaenda kuvua hata kama ziwa limekuwa chai ya maziwa. Mimi nataka tukubaliane dalili, siku itajileta yenyewe.

Ninachoomba kwenu: nani ana habari za Simiyu kwa sasa, chambo gani mnatumia kiangazi kinapoisha, na Kayenze upepo ukoje. Kuna na mwenzetu wa Marekani anarudi likizo Novemba, yumo humu ndani, atajitambulisha.

---

Kasia_Butu

Nimekaa paleee siti ya mbele. Endeleeni wajuzi.

---

Nyanda_wa_Magu

Mzee shikamoo. Simiyu kwa sasa ni mchanga mtupu sehemu kubwa. Watu wanachimba visima katikati ya mto, ng'ombe wanakunywa humo humo. Mdomoni maji yapo kwa sababu ziwa lenyewe linaingia ndani, ila yamesimama.

Kitu kimoja watu wa mjini hamkijui. Msingoje mvua ya Magu. Huu mto unapata maji yake juu huko, Bariadi mpaka kuelekea Serengeti. Hapa kwetu panaweza kuwa vumbi tupu, mbingu nyeupe, halafu asubuhi unasikia watoto wanapiga kelele "mto umekuja!" Unakuta ukingo wa povu na vijiti unatembea juu ya mchanga, nyuma yake maji. Ukiwa umeacha pikipiki yako chini ya kingo umeumia. Kwa hiyo mwenye ndugu Bariadi ampigie simu, huyo ndiye mtabiri wetu.

Kambare wanakuja kweli, hasa jioni giza likiingia. Chambo ni minyoo, utumbo wa kuku, au kipande cha sabuni ya mche, wapo wanaoapa kwa sabuni. Ndoano iwe imara, na chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) nzito kwa sababu mkondo unabeba.

Ila niseme wazi: mdomo wa Simiyu una mamba, na viboko wanatoka jioni kula majani. Mtu asisimame ndani ya maji hata ya magoti. Kaa juu, kwenye kingo iliyo wazi unakoona pande zote, na usiweke samaki wako kwenye kamba majini karibu na miguu. Waliofanya hivyo habari zao mnazijua.

Jingine ni ningu. Maji mapya yakiingia, ningu ndio wakati wanapanda mto kwenda kutaga. Zamani wazee wanasema walikuwa wanaingia kwa makundi mpaka maji yanabadilika rangi. Watu wakazoea kutega nyavu mdomoni kabisa, wakawachukua na mayai yao tumboni, sasa kumuona ningu ni bahati. Mkimpata kwenye ndoano mrudisheni.

---

Ngosha_Colorado

Wakuu habari za nyumbani. Mimi ndiye mgeni anayesemwa. Kwetu ni Sengerema, ila miaka mingi niko Colorado na ugonjwa wangu ni trauti.

Nimecheka kusoma uzi huu kwa sababu huku tunafanya mpango wa aina hiyo hiyo, ila sisi tunasubiri barafu. Mabwawa ya milimani yanaganda miezi yote ya baridi. Eleven Mile, kwa mfano, liko juu ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, barafu yake huachia karibu na Aprili. Inaanza kuachia pembezoni. Unaona utepe mwembamba wa maji kati ya barafu na nchi kavu, na trauti wanaingia kwenye huo utepe, maji ya kina kidogo tu, upande unaopigwa na jua. Watu wanavua wakiwa wamesimama nchi kavu. Kutembea juu ya barafu iliyooza ni kutafuta kifo.

Sababu yake nimeelezwa na watu wa huku: maji yanakuwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4. Barafu ikiisha, maji ya juu yanapata joto kidogo mpaka kufika hizo nyuzi 4, yanazama, yanachanganyika na ya chini, na upepo unamalizia kazi. Hewa inafika kila mahali na samaki waliokuwa wamezubaa wanaamka na njaa.

Sasa kuna huu ukame. Nchi ya huku Magharibi inapata theluji kidogo miaka mingine na mabwawa yanashuka vibaya. Mwaka 2002 bwawa la Antero lilikaushwa lote kwa sababu ya ukame. Bwawa likishuka, sehemu ya kushushia boti inabaki juu ya tope na wenye boti wanalia. Sisi wa kuvua kando tunafanya jambo moja: tunatembea kwenye sakafu iliyoachwa wazi tukipiga picha. Kila jabali, kila shina la mti, kila mfereji wa zamani. Maji yakirudi, samaki atakaa hapo hapo, na wewe unajua kilipo kitu ambacho mwenzako anakibahatisha.

Je, kwa huko nyumbani hili la kuchanganyika maji lipo? Na hizo picha, kuna mtu ameshapiga Luchelele?

---

MzeeWaChubwi

Ngosha karibu sana, wabeja.

La picha nimelipenda, naenda Jumapili hii na simu yangu. Pale Luchelele kuna mfereji kati ya majabali mawili makubwa ambao nilikuwa naubahatisha tu kwa kamba na jiwe.

La kuchanganyika lipo, ila kwetu linafanywa na upepo. Baridi ya huko huku hakuna. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini mashariki unapiga, maji ya juu yanapoa, ziwa linageuzwa mpaka chini. Ikifika Septemba, Oktoba, jua linachoma, maji ya juu yanapata moto na kukaa kivyake, ya chini yanakosa hewa. Ziwa hili si refu kwenda chini, wastani kama mita 40 na pale penye kina kikubwa kama mita 80, kwa hiyo sehemu isiyo na hewa ikipanda, samaki wanabanwa juu. Kwa mtu wa ndoano hiyo ni heri. Sangara hutamfuata shimoni. Tafuta kina cha mita tano mpaka kumi na tano, penye mwamba, penye maji yanayotembea.

Kwa hiyo Ngosha, trauti wako wanakuja kando kufuata joto na chakula. Sangara wangu anasogezwa na hewa. Ukija na akili ya kutafuta jua utarudi Denver na picha za machweo tu.

---

Kipara_Kayenze

Mzee nakuheshimu ila hapo kwenye mpaka wa tope umeuchora vizuri mno. Kayenze hatuna mto mkubwa, na sangara wanatoka vilevile mwezi wa kumi na moja. Kinachowaleta ni upepo na dagaa.

Ngoja niwaambie jinsi tunavyosoma huku. Siku za utulivu, jua kali, yanatokea maji ya kijani yanayonuka, yanaelea kama rangi iliyomwagika. Upepo wa mchana unayasukuma kwenye ghuba ndogo na kuyarundika. Ghuba hiyo iache kabisa, usiku humo hewa inaisha na unaweza kukuta furu wamelala tumbo juu asubuhi. Nenda upande wa pili wa rasi, ule unaopigwa na mawimbi. Mawimbi yanatia hewa. Kati ya Kayenze na kisiwa cha Bezi kuna miamba ambayo upepo ukivuma tangu saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni unatupa samaki bandia wako na unapokelewa.

Na mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi ya taa inapumzika mwaloni, pale inapoegeshwa ufukweni. Kipindi cha giza taa zinakusanya dagaa huko nje na sangara anakwenda kwenye karamu. Mbalamwezi ikijaa hakuna taa, sangara anarudi kuwinda furu kwenye mawe karibu na nchi kavu. Mimi navua mbalamwezi. Ninyi pangeni kwa rangi ya maji, mimi nipo na mwezi wangu.

---

Kasia_Butu

Kipara kaja na moto. Mzee jibu.

---

MzeeWaChubwi

Sina ugomvi na Kipara. Kayenze imefunguka kwenye ziwa kubwa, Luchelele tupo ndani ya ghuba na maji yetu yanachafuka haraka. Kila mtu asome mlango wa nyumba yake. Ila la mwezi sikubali moja kwa moja. Nimeshawapata sangara giza totoro pembeni ya matete, bila taa hata moja inayoonekana.

---

DadaSweya

Jamani mnaongea sangara, sangara. Kuna sisi tunaopenda sato, na sato ndiye wa kipindi hiki.

Nendeni Sweya asubuhi kabla upepo haujaamka, ziwa likiwa limelala. Vaeni miwani ya jua, panda juu ya jabali, tazama chini kwenye mchanga. Utaona mashimo ya duara, safi, kila moja kama sahani iliyopanguswa, na katikati dume mmoja anazunguka. Akija mwingine anamfukuza, akitoka kidogo anarudi. Anasafisha mchanga kwa mdomo, anachukua, anatema nje. Jike likitaga linabeba mayai mdomoni na kuondoka nayo, kwa hiyo jike lenye mayai mara nyingi hata chambo halishiki. Dume ndiye anayegonga, tena kwa hasira.

Sasa hivi maji yamepungua hivyo mashimo yako mbali kidogo na kingo, kwenye kina cha kutosha kiuno au zaidi. Mvua zikianza na maji kupanda juu ya majani yaliyoota ufukweni wakati wa kiangazi, sato wataingia humo kula. Hapo unavua ukiwa nchi kavu kabisa.

Vifaa vyangu ni rahisi. Mshipi mwembamba, ndoano ndogo, boya la kipande cha kandambili, chubwi ndogo sana ili boya lisimame tu. Chambo ni minyoo ya bustanini, ikikosekana natumia ugali uliokandwa na unga wa dagaa mpaka ushike. Boya likizama moja kwa moja usivute, huyo ni gogogo au kambare mdogo anakuchezea. Sato analilaza ubavu kwanza. Likilala, hesabu pumzi moja, vuta.

Msivue kwenye mashimo siku nzima lakini. Chukueni wa mboga muondoke. Ukimaliza madume wote pale, mwakani mtalalamika tena kwamba ziwa limekufa.

---

Kasia_Butu

Boya la kandambili! Dada hapo umenirudisha utotoni.

---

MvuviMstaafu_1

Wanangu, nimesoma yote. Niliwahi kufanya kazi za uvuvi, niongeze ya kisheria maana humu nimeona ari nyingi.

Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, sato chini ya 25 haruhusiwi. Bebeni tepu ya fundi cherehani, ni ya bei ndogo. Leseni ulizeni kwa afisa uvuvi wa halmashauri mnakokwenda, na mkifika mwaloni pitieni kwanza kwa uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) mjitambulishe. Mtu mgeni na fimbo ya rili usiku ufukweni anazua maswali, siku hizi kila mtu anahofia wezi wa injini na nyavu.

Kisiwa cha Saa Nane, kile pale mjini, ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Msisogeze ndoano. Anayetaka kuvua ndani ya hifadhi kwa utaratibu, Rubondo wanaruhusu uvuvi wa burudani kwa kibali chao, na sangara wa kule wana miili.

Kuhusu ukame: nyie mnaona huu mkubwa. Mwaka 2006 ziwa lilishuka kiasi ambacho hatukuwa tumekiona kwa miaka mingi sana. Mvua zilipungua na maji yalikuwa yakitolewa kwa wingi kule Jinja, Uganda, kwa ajili ya umeme. Mialo ilihama, mitumbwi ikawa inasukumwa kwenye tope mtu anazama mpaka mapajani. Halafu Mei 2020 likapanda mpaka likavunja rekodi ya 1964, nyumba na hoteli za kando zikaingiliwa. Hili ziwa sehemu kubwa ya maji yake inatoka moja kwa moja mawinguni, mito inaleta kidogo. Ndiyo maana linafuata mvua hivyo.

---

Ngosha_Colorado

Shikamoo mzee, asante kwa hilo la leseni. Nije na fimbo gani? Nina ya trauti, laini sana.

---

Kipara_Kayenze

Hiyo ya trauti mpe DadaSweya kwa sato wake. Kwa sangara leta fimbo ngumu na rili yenye breki ya uhakika. Mbele ya mshipi funga kipande cha uzi mnene, urefu wa mkono. Sangara meno yake ni kama msasa, yanasaga uzi taratibu, lakini kinachokata ni kile kifuniko cha shavu, kina makali. Usimshike hapo kwa vidole, utashonwa. Mshike mdomo wa chini kwa kitambaa.

Samaki bandia wa kuzama kiasi, rangi ya fedha au ya dhahabu, urefu wa kiganja. Bendera za rangi rangi acha dukani. Ukikosa, furu mzima mwenye uhai anashinda kila kitu.

---

Nesi_wa_Pasiansi

Naomba niingilie. Mnavua vizuri ila mnarudi kwetu na kichocho. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu vinatoka kwa wingi jua likiwa kali kuelekea mchana. Kama lazima uingie majini, vaa mabuti ya mpira. Na baada ya mvua za kwanza kaeni mbali na Mto Mirongo unapoingilia ziwani. Uchafu wote wa mji unashuka hapo, samaki wa pale siwezi kuwapikia wanangu.

La pili, radi. Vuli inakuja na ngurumo. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote unakutana katikati ya ziwa, mawingu yanapanda, na dhoruba inapiga kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Mkiwa na mtumbwi muwe mmerudi kabla ya hapo. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa na hali ya mawimbi ya ziwa. Fimbo ndefu ya kaboni ukiwa umesimama juu ya jabali wakati wa radi sitaki hata kuielezea.

---

MzeeWaChubwi

Nesi asante, hayo yanaingia kwenye mpango.

Mpaka sasa tumefika hapa. Kundi la kambare watamfuata Nyanda, yeye atatoa ishara mto ukifika darajani. Wanavua jioni tu, juu ya kingo, saa mbili usiku wote wameondoka. Kundi la sato wapo na DadaSweya, hao wanaweza kuanza hata wiki hii kwa kuwa hawasubiri mvua. Sangara tutagawanyika: mimi na Ngosha Luchelele maji yakikaa, Kipara na wake Kayenze mbalamwezi ikijaa. Tutalinganisha matokeo humu humu, kwa picha na tepu imelazwa pembeni ya samaki. Anayeleta picha ya samaki ameshikwa mikono imenyooshwa mbele ya kamera hatuhesabu.

Mtumbwi nimeongea na kijana mmoja wa mwaloni, ana injini ndogo na jaketi za kuokolea, ila hazitoshi watu wote. Mwenye yake aje nayo. Asiye na jaketi anavua nchi kavu, na hilo halina mjadala.

---

DadaSweya

Barafu ya kuhifadhia samaki nachukua mimi Mwaloni Kirumba. Semeni mapema mko wangapi, sitaki mtu aniletee sato waliolegea alasiri.

---

Nyanda_wa_Magu

Wakuu, nimepigiwa simu kutoka Bariadi. Jana usiku imenyesha kubwa. Nimeshuka darajani asubuhi hii, mchanga bado mkavu, ila wenye visima wameshaanza kutoa ndoo zao.

---

MzeeWaChubwi

Basi watu wa kambare jiandaeni kesho au keshokutwa. Sisi wa sangara Jumamosi hii tulieni nyumbani, tuangalie ile inayofuata. Ngosha, ndege yako inatua tarehe ngapi?